Mchezo wa Pole Pole katika Kriketi ya Uingereza

Baadhi ya wasomaji wetu wamepata kuona kriketi ikichezwa, nao huuliza: Kwa nini mtu mwenye gongo aweza kusimama saa nzima akiuzuia mpira tu, asikimbie, na watu waliotoa fedha zao wakaketi kumtazama? Swali hilo limebishaniwa hata Uingereza kwenyewe kwa miaka mingi, nalo lilitia mashindano ya kaunti, yaani majimbo ya nchi ile, katika hatari kubwa. Basi twataka kulieleza.

Kwanza yafaa kujua sheria. Kila upande una watu 11. Mrushaji hujaribu kuviangusha vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mwenye gongo. Mwenye gongo akiisha kuupiga mpira halazimiki kukimbia. Lakini akikosea mara moja tu aweza kutolewa, wala harudi tena katika zamu ile. Kwa hiyo hofu yake ni kubwa kuliko ya mcheza mpira wa miguu, ambaye akikosa sasa aweza kujaribu tena baadaye. Tena kila upande hupewa zamu mbili. Na muda ukiisha kabla ya watu kumi wa upande wa mwisho kutolewa, wala hawajaifikia hesabu ya wenzao, mchezo huwa sare, hata kama wameachwa nyuma sana.

Mashindano ya kaunti yalianza rasmi mwaka 1890, na kwa miaka mingi kila mchezo ulikuwa wa siku tatu. Basi upande ulio dhaifu uliona njia: ukishindwa kushinda, waweza kushikilia mpaka jua lichwe. Kujilinda kwa namna hii si aibu, wala hakuchoshi. Watu wawili wa mwisho wakiwa uwanjani, adui wamewazunguka, na dakika zimebaki chache, kila mpira unaozuiwa huwafanya watazamaji washike pumzi.

Lakini kuna kujilinda kwa namna ya pili, ambako watu hawataki kushinda ila wasishindwe tu. Mfano wake ulionekana Edgbaston mwezi wa Agosti 1967. Warwickshire walitakiwa kupata mbio 142 kwa dakika 102. Yorkshire, chini ya kapteni wao Brian Close, walikawia makusudi. Katika muda huo wote walirusha ova 24 tu, na ova moja ni mipira sita. Katika robo saa ya mwisho walirusha ova mbili. Warwickshire wakapungukiwa na mbio 9, na Yorkshire wakapata alama zao za sare. Watazamaji walikasirika, wakubwa wa kriketi wakamkaripia Close, naye akanyimwa ukapteni wa timu ya Uingereza iliyokuwa ikienda West Indies.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule, Geoffrey Boycott, naye mtu wa Yorkshire, aliichezea Uingereza dhidi ya India huko Headingley. Alipata mbio 246 bila kutolewa; lakini kwa kuwa alizipata pole pole mno, aliachwa nje katika mchezo uliofuata.

Je, kosa lilikuwa la wachezaji peke yao? Sisi hatudhani hivyo. Mtu huifuata tuzo iliko. Sheria ikimpa alama asiyethubutu, usishangae akikataa kuthubutu. Nao walipaji hawakungoja: watu waliojaa viwanjani baada ya vita vya 1939–1945 walikuwa wamepungua zaidi ya nusu ilipofika miaka ya 1960 na kitu, na kaunti zikakosa fedha.

Ndipo sheria zikatengenezwa. Mwaka 1963 likaanzishwa kombe la Gillette, mchezo wa siku moja, kila upande zamu moja ya ova 65, pasipo sare ya kukimbilia. Katika mchezo wa mwisho huko Lord's, Sussex waliwashinda Worcestershire kwa mbio 14. Nalo la ajabu ni hili: kapteni wao Ted Dexter aliwatawanya watu wake mbali, karibu na mpaka wa kiwanja, ili wazuie mbio. Naye pia alikuwa akijilinda! Lakini kila mbio iliyozuiwa iliwasogeza karibu na ushindi. Mwaka 1968, katika mashindano ya zamani, zikaongezwa alama kwa mbio zilizopatikana na watu waliotolewa katika ova 85 za kwanza. Na mwaka 2003 kaunti zilianza mchezo wa ova 20, unaokwisha kwa muda wa kama saa tatu.

Kwa hiyo twaona ya kuwa upole wa mchezo siyo uliowafukuza watazamaji, bali kukosa nia. Wazee walisema, “Simba mwenda pole ndiye mla nyama.” Naam, simba huenda pole, lakini ana shabaha. Asiye na shabaha, hata akienda pole siku tatu, atalala na njaa, na waliokuja kumtazama watarudi kwao. Nao wenye kazi ya kuweka sheria, katika michezo au katika baraza, na wakumbuke kuangalia ni tendo gani wanalolipa tuzo.