PUNGUZA MATAWI, USIUE MWEMBE

Sisi watu wa Tabora ni watu wa miembe. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo mizito kwa miguu. Walihitaji kivuli na chakula njiani. Miembe ikapandwa mahali pengi kwenye njia ile. Mingine bado imesimama hadi leo.

Hapa Ulyankulu pia miembe ina historia yake. Mwaka 1972 ndugu zetu waliokimbia kutoka Burundi walifika hapa kukiwa msitu. Walifyeka, wakajenga, wakalima. Mwaka 2014 wengi wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Mtu akijua kwamba hapa ndipo kwake, huutunza mti wake. Lakini je, tunajua kuutunza?

Embe zetu nyingi huiva mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Wakati huo ghala limepungua na mahindi ndiyo kwanza yanapandwa. Kwa hiyo mwembe ukifa, watoto ndio wanaoumia kwanza.

MTI UNAKULAJE?
Mizizi hunyonya maji na kuyapandisha juu. Majani hupika chakula kwa nguvu ya jua. Chakula hicho hushuka chini kupitia ndani ya gome. Sasa fikiri: ukimfunga mbuzi kwenye shina, kamba inasugua gome kila siku. Gome likiisha kuzunguka shina lote, mizizi haipati chakula. Mti hukauka polepole, nawe unasema umerogwa. Haukurogwa, bwana. Umekufa kwa njaa.

Vivyo hivyo moto. Ukichoma takataka chini ya mwembe, gome huungua. Mbuzi mfunge kwenye mambo, na takataka zipeleke shimoni.

KWA NINI TUPUNGUZE MATAWI?
Kwanza, matawi makavu huanguka. Upepo wa mvua ukija, tawi linavunja paa au linaumiza mtu. Pili, mti uliosongamana hauingizi jua wala upepo. Majani hukaa na unyevu, na magonjwa ya ukungu hupenda unyevu. Tatu, mti mfupi huchumwa kwa urahisi. Watoto hawapandi juu sana wakaanguka.

WAKATI GANI?
Tawi kavu au lililooza, kata wakati wowote. Matawi mabichi ya mwembe, kata mara tu baada ya kumaliza kuchuma, Januari au Februari. Chagua siku ya jua. Usingoje Mei au Juni. Maua ya mwembe hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukikata umechelewa, umekata na maembe ya mwaka huo.

Mpera una tabia nyingine. Huo hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Ukiupunguza kabla ya mvua, hutoa machipukizi mengi na mapera mengi.

Mchungwa wa kubebesha, angalia chini. Chipukizi likitoka chini ya mahali ulipobebeshwa, ling'oe likiwa changa. Ukiliacha, litaushinda mti wenyewe, na utavuna matunda machungu.

NAMNA YA KUKATA TAWI ZITO
Watu wengi hukata kwa panga kutoka juu. Tawi huanguka kabla halijakatika lote, linachana gome mpaka chini. Kidonda kile hakiponi upesi. Tumia msumeno, ukate mara tatu:

1. Simama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye shina. Kata upande wa chini wa tawi, robo tu ya unene wake.
2. Sogea mbele kidogo. Kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Gome halitachanika, maana umelikata chini tayari.
3. Sasa ondoa kisiki kilichobaki. Tazama pale tawi linapoungana na shina. Utaona uvimbe kama pete. Kata nje ya pete hiyo, usiiguse. Pete ndiyo inayofunga kidonda.

Usiache kisiki kirefu. Kitaoza, na mchwa wataingia. Tena, usipake kinyesi wala matope. Kidonda safi hujifunga chenyewe.

Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya matawi. Mti uliokatwa wote unabaki bila majani. Nani atapika chakula? Kama ni mkubwa mno, ushushe kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, safisha msumeno kabla ya kugusa mti mzima.

TAHADHARI
Kabla ya kupanda, angalia nyuki na nyoka. Watoto wakae mbali. Tawi likigusa waya wa umeme, usilikate mwenyewe. Waite watu wa umeme.

Ua wa minyaa nao unahitaji kukatwa usiwe msitu. Lakini maziwa ya mnyaa ni hatari sana kwa macho. Kata ukiwa umegeuza uso, vaa nguo za mikono mirefu, na usijifute kwa mkono. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha nenda zahanati. Usingoje kesho.

Matawi uliyokata usiyatupe. Ni kuni za jikoni, na kila mzigo huo unapunguza safari moja ya msituni.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini kamba ya mbuzi inaweza kuua mti?
2. Mwembe ukatwe mwezi gani? Kwa nini?
3. Nyumbani kwako, ni tawi gani linaweza kuanguka juu ya paa? Utalikata lini?