Je, Wajua? Kuitwa Mhalifu na Kuwa Mhalifu

Kijana akikamatwa usiku mtaani Kisauni, Mombasa, kabla ya alfajiri mtaa mzima umeshamwita mhalifu. Sheria haimwiti hivyo. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata akiwa rumande katika gereza la Shimo la Tewa, yeye ni mshtakiwa tu. Na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa jina la uhalifu likishamganda mtu, kazi na uchumba humkimbia.

Kinyume chake kipo pia. Hakuna anayemwita mhalifu mama anayeuza mihogo karibu na feri ya Likoni, lakini akikosa leseni ya kaunti anaweza kushtakiwa. Wala si kila kinacholaaniwa ni uhalifu: zinaa, inayolaaniwa misikitini na makanisani, si kosa la jinai Kenya.

Serikali nayo huweza kulibandika jina la uhalifu isivyo halali. Mwaka 2010 iliorodhesha Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge, miongoni mwa makundi ya kihalifu. Wenyewe wakaenda mahakamani. Julai 2012, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba marufuku hiyo ilikiuka Katiba.