Somo la Pili kwa Anayesomea Mawasiliano



Dominika moja baada ya Misa ya pili, binti mmoja wa kwaya alitufuata mafrateri tulipokuwa tukipanga viti vya mafundisho. Yuko mwaka wa kwanza wa mawasiliano ya umma, na chuo kilikuwa kimempa fomu ya kuchagua masomo ya nyongeza. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili apate ada. "Frateri, nichukue lipi?" Rafiki zake wote walikuwa wamejaza uhusiano wa umma. Sisi tulikaribia kumwambia achukue falsafa, kwa kuwa ndiyo tunayoisoma. Afadhali tuliomba muda.

Kwanza tueleweshane. Katika vyuo vinavyofuata mfumo wa Kimarekani, na Kenya vipo, mwanafunzi ana fani kuu na anaweza kuongeza fani ndogo, mara nyingi kozi tano au sita hivi. Kuchukua fani kuu mbili ni mzigo mwingine kabisa, kwa sababu masharti ya zote mbili lazima yatimizwe. Hapa Tanzania wengi hukutana na kozi za hiari tu. Lakini ukizielekeza upande mmoja, badala ya kudokoa huku na huku, unapata karibu faida ile ile. Kabla ya kujaza fomu, uliza kama vipindi vitagongana, kama mwaka utaongezeka, na nani ataulipia.

Mawasiliano humfundisha kijana kuhoji, kuandika habari, kushika kamera, kuhariri sauti. Ni mengi. Ila hayamfundishi undani wa jambo analolitangaza. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka, na mwandishi asiyejua kusoma mahesabu hunakili muhtasari aliopewa, akaweka jina lake juu. Au tuseme ugonjwa fulani ulikuwa ukiwapata watu 4 kati ya 100, sasa unawapata 6. Mwandishi mmoja atasema umeongezeka kwa asilimia 50. Mwingine atasema nyongeza ni watu 2 tu katika kila 100. Hakuna aliyedanganya. Lakini bibi anayesikiliza redio kijijini ataingiwa na hofu kwa habari ya kwanza, na kwa ya pili atalala fofofo. Mwandishi aliyesoma takwimu atampa namba zote mbili, tena atauliza watu hao walihesabiwa wapi na nani.

Sheria nayo ina nafasi yake. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anayerusha picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hata kwa nia ya kuomba sala, angefaidika kuzijua.

Aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria angeweza kusoma mazingira au uvuvi. Kueleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini sangara wanapungua, au gugu maji linarudi, ni kazi inayohitaji mtu anayeijua.

Uhusiano wa umma si somo baya, na anayelenga kazi hiyo ana sababu ya kulichukua. Lakini kwa anayetaka uandishi wa habari, liko jirani mno na anachosoma tayari. Ng'ombe wawili ni wengi kwa kujifunza kitu kimoja mara mbili.

Na falsafa? Mantiki humsaidia mtu kutambua hoja iliyopinda, na maadili humsaidia kujua cha kutotangaza. Hatuioni aibu fani yetu. Lakini haitamfundisha mtu kusoma bajeti ya halmashauri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya 1963, namba 15, ulitaka waandishi walei wapewe malezi kamili, hasa katika mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii. Na mafundisho hayo yanagusa mishahara, ardhi na kodi.

Tulipokutana tena tulimwuliza ni habari gani ambayo humkasirisha kila inapotangazwa kijuujuu. Hakufikiri sana: vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Shangazi yake alifariki hivyo.

Amejaza takwimu. Kidato cha nne hisabati alipata D, na ameshatuomba tumtafutie mtu wa kumfundisha Jumamosi.