Sanaa yarejea mtihanini, ila si kila shule itafaidi

Katika miaka ya 2000, mwanafunzi hodari wa kuchora au kupiga ngoma katika shule ya msingi ya umma Kitui ama Makueni hakutuzwa alama yoyote ya KCPE kwa kipawa hicho. Sanaa, Ufundi na Muziki yaliondolewa mtihanini mwanzoni mwa mwongo huo. Na somo lisilotahiniwa hudharauliwa: ratiba ilisema Muziki, ubaoni kukaandikwa Hisabati.

Zilizosalia ni tamasha. Ile ya muziki, iliyoasisiwa 1927, na ya drama, ya 1959, ziliwapa watoto jukwaa la kuchezea ngoma za jamii zao, kama vile kilumi ya Wakamba. Hata hivyo, tamasha hubeba wachache. Kikundi kikibwagwa, mazoezi hukoma.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini 2019, umeirejesha sanaa darasani, na mnamo 2025 ilitahiniwa katika KJSEA ya kwanza. Si anasa. Msichana anayesuka kyondo cha mkonge huhesabu nyuzi na kupanga ruwaza. Hiyo ni jiometri, ingawa nyanyake hakuiita hivyo.

Tangu Januari 2026, Sanaa na Michezo ni mmojawapo wa mikondo mitatu ya Sekondari Pevu. Kizingiti ni kwamba haufundishwi katika kila shule. Mzazi ambaye shule ya kutwa iliyo jirani haina mkondo huo hulazimika kutafuta karo ya bweni, la sivyo mwanawe asome kingine.