Jalada la Kesi ya Mbuzi

Haya, wapwa zangu, sogeeni jamvini. Jana mdogo wenu aliniuliza, "Mjomba, yule anayeita majina mahakamani ndiye hakimu?" Swali zuri hilo! Limenikaa kichwani usiku kucha.

Siye hakimu. Ni karani wa mahakama. Lakini mimi sitaeleza. Tuliache jalada lenyewe liseme, maana linashinda mikononi mwake.

"Mimi ni jalada la Mahakama ya Mwanzo. Tumboni mwangu mna kesi ya mbuzi. Mbuzi mmoja, watu wawili, kila mmoja anasema, 'Wangu huyo!' Nalala masjala, nimebanwa na wenzangu kama dagaa kwenye tenga. Asubuhi mkono unanitafuta. Mkono wa nani? Wa karani. Anasoma namba yangu, ananishusha, ananipanga. Orodha ya mashauri keshaibandika ubaoni, ili aliyetembea kutoka kijijini ajue zamu yake.

"Hakimu anaingia. Karani anaita, 'Kooorti!' Wote wanasimama. Hakimu anaketi, nao wanaketi. Sasa karani anataja namba yangu, anaita majina ya wenye mbuzi. Anaita kwa sauti, yafike hadi nje chini ya mwembe."

"Kwani asipoita vizuri, mjomba?"

Ewaa! Umeuliza penye kiini. Mdai akiwa chini ya mwembe na hakusikia, kesi yake inaweza kufutwa. Mdaiwa asiposikia, inaweza kusikilizwa bila yeye. Mbuzi akaenda hivi hivi, kwa jina lisilosikika! Ndiyo maana karani mwema huita, akangoja, akaita tena.

"Shahidi akija," laendelea jalada, "karani humwuliza dini yake. Kisha humsomea maneno ya kiapo au ya uthibitisho, naye huyarudia. Ikiletwa kamba ya mbuzi iwe kielelezo, karani huitia alama, huiandika daftarini, huifungia. Kamba ile ikipotea, hakimu ataamua kwa kutazama nini?"

"Basi karani ndiye anayeamua?"

Hapana, mwanangu. Tazama chungu cha bibi pale uani. Kuna aliyechota maji. Kuna aliyeleta kuni, akapanga mafiga. Bila yeye hatuli. Lakini chumvi haitii yeye. Karani ndiye mleta kuni. Hakimu ndiye mtia chumvi. Mtu akimvuta karani pembeni, "Nisaidie nishinde," jibu lake ni moja: "Mimi naleta kuni. Chumvi siitii." Karani anayejibu hivyo namheshimu kama ninavyomheshimu hakimu.

"Na mimi nimeandikwa Kiswahili," lajisifu jalada. "Kwetu Mahakama ya Mwanzo ndivyo ilivyo tangu zamani. Wenzangu wa Mahakama Kuu walikuwa wakiandikwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ikatamka kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili."

"Mjomba, mtoto naye huitwa?"

Huitwa. Mtoto naye ana macho. Katika mahakama kuanzia ya wilaya kwenda juu, tangu 2016 sheria inasema mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo. Anaahidi tu: nitasema ukweli, sitasema uongo. Ahadi hiyo huandikwa. Na kuna Mahakama ya Watoto, iliyowekwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, ambako watu wa nje hawaruhusiwi kujazana wakamtolea mtoto macho.

Najua, chumba kile kinatisha. Kizimba, meza ya juu, watu kimya. Hata watu wazima miguu huwatetemeka. Basi ukiitwa siku moja, mtafute aliyeshika majalada. Mwulize, "Shikamoo. Nisimame wapi?" Kukuonyesha ni kazi yake.