Dawa ya Kufungua Pua: Ijue Kabla ya Kuimeza

Pua ikiziba, wengi wetu tunatuma mtoto dukani: "Niletee dawa ya homa." Mwenye duka anakata vidonge viwili, na mambo yanaishia hapo. Jina la dawa hatulijui, karatasi ya maelezo hatuioni. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Wakati wa mafua pua huziba kwa sababu mishipa midogo ya damu ndani yake imevimba. Vidonge vingi vya homa vina dawa ya kubana mishipa hiyo, kama vile sudoefedrini. Lakini kidonge hakiendi puani peke yake. Kinaingia katika damu na kubana mishipa ya mwili mzima. Ndiyo maana wengine wanasikia moyo ukienda mbio, mikono inatetemeka, mdomo unakauka, ama wanakesha bila usingizi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi hayo hupita. Kwa wengine si mchezo. Hawa wamwulize daktari kwanza:

- Mwenye presha au ugonjwa wa moyo, kwani presha inaweza kupanda.
- Mzee anayepata taabu kukojoa, maana mkojo unaweza kuziba kabisa.
- Mwenye ugonjwa wa sukari, wa tezi ya shingo, au presha ya macho.
- Mama mjamzito au anayenyonyesha.

Mtoto chini ya miaka 6 asipewe.

Je, matone ya puani? Yasipite siku 5. Ukizidisha, pua inayazoea, na ukiyaacha inaziba kuliko mwanzo.

Tena, vidonge vingi vya homa tayari vina parasetamoli. Ukiongeza nyingine juu yake, unaweza kuumiza ini.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi kwa siku 7 hadi 10. Chemsha maji, yapoe, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250. Tia matone puani. Maji hayo tengeneza mapya kila siku.

Lakini mtu akimeza dawa kisha kifua kiume, kichwa kigonge vikali kwa ghafla, au mkojo ukatae kutoka, mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na karatasi ya dawa.

Ya kujadili kikundini: Katika nyumba zetu, nani ana presha? Je, anajua anachomeza akishikwa na homa?