"Dawa ya Usingizi": Jina Moja, Dhana Nne

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mfasiri wa vitabu vya afya ni jina moja kubebeshwa dhana nyingi. Jina "dawa ya usingizi" ni mfano mzuri. Tuchukulie mzee anayetayarishwa kwa upasuaji. Muuguzi anamuuliza, "Babu, umewahi kupewa dawa ya usingizi?" Mzee anajibu, "Ndiyo, mjukuu wangu, nameza kila siku." Muuguzi amekusudia dawa ya chumba cha upasuaji, mzee amekusudia vidonge vya nyumbani. Wote wawili wamesema Kiswahili fasaha, na hawakuelewana. Madhumuni ya makala haya ni kuzitenganisha dhana hizo, ili mtu anayekosa usingizi aweze kupima anachokinunua.

(a) Nusukaputi. Hii ni dawa ya kumpoteza mgonjwa fahamu asihisi maumivu ya kisu. Hali hiyo si usingizi hasa: aliyelala huamka akifinywa, aliyetiwa nusukaputi haamki. Jina tunalo tayari. Linalotakiwa ni kulitumia. Ikiwa sehemu moja tu ya mwili ndiyo inayokufa hisi, hiyo ni dawa ya ganzi.

(b) Dawa ya usingizi. Jina hili afadhali libakie kwa dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari ili mtu alale, kama nitrazepamu na jamii yake, zilizoenea tangu miaka ya 1960. Dawa hizi hufaa kwa muda mfupi. Zikiendelezwa, mwili huzizoea, hata kipimo cha jana kisitoshe leo. Na mwenye kuziacha ghafla baada ya kuzitumia kwa muda mrefu huweza kupatwa na degedege. Huwaangusha wazee, na zikichanganywa na pombe huweza kudhoofisha pumzi.

(c) Dawa yenye kusinzisha. Kiswahili hutofautisha kulala na kusinzia, na tofauti hiyo inatufaa hapa. Klorofeniramini, ijulikanayo sana kwa jina la Piriton, ni dawa ya mzio. Kusinzisha si kazi yake bali ni athari ya kando. Anayeimeza ili alale huweza kuamka na kichwa kizito na kinywa kikavu. Mzee huweza hata kuchanganyikiwa.

(d) Nyongeza. Hapa ndipo penye utata mkubwa. Melatonini ni homoni itengenezwayo na tezi iliyomo ubongoni giza linapoingia. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga mwaka 1958. Baadhi ya waandishi huiita homoni "kichocheo". Jina hilo humpotosha msomaji, kwa kuwa melatonini haichochei, bali huujulisha mwili kwamba usiku umefika. Kwa hiyo humfaa zaidi msafiri aliyevuka majira ya saa kuliko mtu aliyekosa usingizi kwa miezi mingi.

Nchini Marekani melatonini huuzwa kama nyongeza ya chakula, chini ya sheria ya mwaka 1994. Nchini Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari. Kuiita "kirutubisho" ni kosa, maana hairutubishi. Tena jina hilo huondoa hadhari. Uchunguzi uliotangazwa nchini Kanada mwaka 2017 ulipima bidhaa 31 za melatonini: nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kiasi kilichoandikwa, nyingine zilikizidi kwa asilimia 478.

Ipo pia njia isiyo dawa, nayo imekosa jina lililokubaliwa. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha American College of Physicians kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanzishiwe kwanza mafunzo ya kurekebisha fikra na mazoea: kuamka saa ile ile kila siku, kuondoka kitandani usingizi unapokataa kuja, na kuacha kuuhofia usiku. Tunapendekeza iitwe tiba ya mwenendo wa usingizi.

Basi, kwa muhtasari: nusukaputi hupoteza fahamu, dawa ya usingizi hulaza, dawa yenye kusinzisha hulegeza ikiwa na kazi nyingine, nyongeza huongezwa, wala si lazima irutubishe. Waganga, wauguzi, wafamasia na wasomaji wote wanaombwa kuyapima majina haya na kutoa maoni yao. Istilahi isiyoeleweka dirishani pa dawa haijawa istilahi bado.